Gari la kaka halijawahi kuharibika

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, mniwie radhi. Nilikuwa nyumbani Kanyakine, na kila nikifungua laptopu mtu ananiita nje. Leo siandiki kuhusu simu mpya wala programu. Naandika kuhusu gari. Msikimbie, mwishoni tutarudi kwenye kompyuta, na mwenye makosa nitakuwa mimi.

Kaka yangu ana Subaru Impreza WRX ya mwaka 2006, ya buluu. Yeye ni mmiliki wake wa tatu. Gari hilo unalisikia kabla hujaliona. Ule mngurumo wa kukatakata unatokana na mabomba ya moshi yanayotoka kwenye injini, ambayo hayalingani urefu, kwa hiyo moshi wa silinda za upande mmoja unafika kwenye turbo kwa kuchelewa kidogo. Kaka anajua hilo na atakueleza hata kama hukuuliza.

Jioni sokoni huwa kuna ubishi, na ubishi ni uleule: vijana wa Subaru upande mmoja, madereva wa Probox upande wa pili. Wa Probox wanasema Subaru ni gari la kukaa gereji. Wa Subaru wanajibu kwamba Probox ni jiko la kubebea ndizi. Kaka ana sentensi moja anayoifunga nayo kesi: "Miaka miwili, halijawahi kuniangusha hata siku moja."

Sasa, kaka ni mtu wa daftari. Kila shilingi anayotumia kwa gari anaiandika: tarehe, kilomita, fundi, spea, bei. Nikamwomba daftari hilo. Nikalinakili kwenye Excel, nikaandika kiprogramu kifupi cha Python cha kuhesabu siku. Nilihesabu tukio moja kila mara gari liliposhindwa kwenda mahali alipotaka kwenda siku hiyo. Basi.

Miezi 24, matukio 13. Siku ambazo gari lilikuwa gereji au limesimama uani: 61.

Nikamwonyesha. Hakukasirika hata kidogo. Alivuta kiti, akaanza kunisahihisha mstari kwa mstari:

1. Matukio manne: "Hiyo si kuharibika, hiyo ni sevisi." (Mkanda wa taimingi, klachi, plagi, pampu ya maji.)
2. Matatu: "Hiyo ni barabara, si gari." (Beringi, shokabsoba, rimu iliyopinda.)
3. Matatu: "Hiyo ni fundi. Alifunga vibaya."
4. Mawili: "Niliuziwa spea feki."
5. Moja: "Siku hiyo nilikuwa na haraka, sikuipasha moto injini. Kosa langu."

Jumlisha. Nne, tatu, tatu, mbili, moja: kumi na tatu. Yaliyobaki ni sifuri. Gari halijawahi kuharibika!

Nilicheka hadi machozi, lakini usiku nilipolala nikaanza kuona kwamba kaka hakusema uongo hata mara moja. Kila sababu aliyotoa ilikuwa ya kweli. Na gari lenyewe si bovu, tena lina historia ya kujivunia. Injini yake ni ya familia ya EJ20, iliyotoka mwaka 1989 ndani ya Subaru Legacy: silinda nne zimelala kifudifudi, mbili kila upande. Januari mwaka huohuo Legacy ilizungushwa kwenye uwanja wa majaribio huko Arizona, Marekani, madereva wakipokezana usiku na mchana, hadi ikamaliza kilomita 100,000 kwa saa kama 447. Huo ni wastani wa kilomita 223 kwa saa. Kaka anaijua namba hiyo kama anavyojua namba ya kitambulisho chake.

Halafu kuna Safari Rally. Colin McRae aliishinda mwaka 1997 kwa Impreza, na Richard Burns mwaka 2000, pia kwa Impreza. Mwaka 1994 Mkenya Patrick Njiru alimaliza wa nne kwa Impreza WRX. Ukikulia Kenya miaka hiyo, Subaru haikuwa gari tu. Ilikuwa timu yako.

Lakini hapo hapo Safari kuna hadithi ninayoipenda zaidi. Mwaka 1993 Subaru ilileta Vivio, kigari cha injini ya sisi 660, kidogo kuliko pikipiki nyingi kubwa. McRae aliendesha moja, Njiru nyingine. McRae alikimbia kama aliyeiba, akashangaza watu, na gari likamfia njiani. Njiru alimaliza na akashinda daraja lake. Kiwanda kilekile, mwaka uleule, barabara ileile. Sasa niambie, Vivio ni gari la kuaminika au si la kuaminika?

Ukimuuliza aliyekaa na Njiru atasema ndiyo. Ukimuuliza aliyekaa na McRae, yuko kando ya barabara anasubiri kuvutwa.

Tena magari ya mashindano yalikuwa na mafundi wanaoyafuata. Kaka anafuatwa na fundi mmoja ambaye simu yake mara nyingi imezimwa.

Nilipoangalia jedwali tena niliona kitu ambacho mimi na kaka wote tulikuwa hatujakiona. Kati ya siku zile 61, siku 44 gari halikuwa linatengenezwa. Lilikuwa linasubiri spea. Spea ya WRX Kanyakine hakuna, Nkubu ni bahati, hivyo inatafutwa Nairobi kule Kirinyaga Road, inafungwa kwenye katoni, inapewa matatu, na wakati mwingine ikifika si yenyewe. Inarudi.

Nikaenda kwa jirani yetu wa Probox. Yeye hana daftari, lakini aliniambia bila aibu: "Hii huingia gereji karibu kila mwezi. Lakini jioni iko barabarani." Tukadirie basi: mara 24 kwa miezi 24, siku moja kila mara.

Hapa ndipo somo la chuo linaponisaidia. Kuna vipimo viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni muda kati ya tukio moja na jingine. Kwa kaka ni siku 51 hivi. Kwa Probox ni siku 29 hivi. Kwa kipimo hicho kaka ameshinda, na ana haki ya kupiga kelele sokoni. Cha pili ni upatikanaji: chukua siku ambazo gari lilikuwa tayari, gawanya kwa siku zote. Kaka: 669 kwa 730, yaani asilimia 92. Probox: 706 kwa 730, karibu asilimia 97. Kwa kipimo hicho jirani ameshinda.

Kwa hiyo wanaobishana sokoni wote wanasema kweli. Mmoja anajibu swali la "huharibika mara ngapi?" na mwingine anajibu "likiharibika, nitakaa bila gari hadi lini?" Wenye magari ya kubeba miraa kutoka Maua wanajua swali gani linawahusu. Miraa ikichelewa inanyauka, na iliyonyauka hainunuliwi. Huyo hawezi kusubiri katoni kutoka Nairobi.

Na kuna mtu wa tatu ambaye hata hajaulizwa. Mama ana kliniki ya presha mjini Meru. Siku moja kaka alijitolea kumpeleka, wakaondoka alfajiri. Kabla hawajafika mbali, mpira wa turbo ukachomoka, gari likabaki bila nguvu, likipanda kilima kama mzee mwenye pumu. Mama akashuka na kimkoba chake, akasimama kando ya barabara kwenye baridi ile ya Julai, akapanda matatu. Kwenye daftari la kaka siku hiyo iko chini ya "fundi alifunga vibaya". Ni kweli, klipu haikukazwa. Lakini nilipomuuliza mama kama gari la kaka ni zuri, alisema, "Ni zuri, mwanangu. Lakini siku ya kliniki mimi huita Probox."

Kwa mama hakuna sevisi, barabara, fundi wala spea feki. Kuna siku aliyofika na siku aliyoachwa barabarani. Hajui klipu, na si kazi yake kuijua.

Ningeishia hapo, ningekuwa nimeandika makala ya kumcheka kaka. Lakini siku iliyofuata nikapigiwa simu.

Kuna chama kimoja cha wafugaji (sitakitaja) ambacho nilikiandikia programu ya simu ya kurekodi maziwa. Karani anapima maziwa asubuhi, anaingiza namba ya mkulima na kilo, mwisho wa mwezi chama kinalipa kulingana na rekodi. Karani akaniambia: kuna wakulima ambao asubuhi mbili hazionekani. Kadi zao za karatasi zinaonyesha walileta. Programu inasema hawakuleta.

Nilikuwa nimekaa barazani, kaka kando yangu anakunywa chai. Nikamwambia karani: "Hiyo ni mtandao." Kisha: "Hiyo simu yenu ni ya zamani." Kisha: "Pengine hukubonyeza hifadhi." Na mwisho ile sentensi ambayo kila mwandishi wa programu duniani ameisema: "Mbona kwangu inafanya kazi?"

Nilipokata simu, kaka alikuwa ameshafungua daftari lake ukurasa mpya, kalamu mkononi. "Injinia," akaniambia, "niandike barabara au fundi?"

Sikuwa na jibu. Usiku huo nilivuta kumbukumbu za hitilafu za programu yangu za mwaka mzima, nikazihesabu kwa sheria ileile niliyotumia kwa gari. Kila mara karani aliposhindwa kufanya alichotaka kufanya, tukio moja. Nilipata 19. Kati ya hayo, 14 niliyafunga mimi mwenyewe kwa maneno "kosa la mtumiaji" au "mtandao". Mimi ninayemcheka kaka!

Kesho yake nikaenda kituoni saa kumi na mbili asubuhi, nikasimama nyuma ya karani. Hitilafu niliiona ndani ya nusu saa. Programu ilikuwa inatengeneza namba ya risiti kwa kutumia saa ya simu. Simu ya karani ikizimika kwa kuishiwa chaji, ikiwashwa bila mtandao saa yake inarudi nyuma. Risiti mpya inapata namba ya risiti ya zamani, na moja inaifuta nyingine kimyakimya. Kwangu haikuwahi kutokea kwa sababu simu yangu haiishiwi chaji na huwa na mtandao. Kwangu kweli ilikuwa inafanya kazi. Ndiyo maana sikuitafuta.

Kuirekebisha kulichukua siku moja. Sasa kila rekodi inapata namba ya nasibu isiyojirudia, inahifadhiwa kwenye simu kwanza, na hakuna rekodi inayoruhusiwa kuandikwa juu ya nyingine. Saa ya simu haiaminiwi tena kwa jambo lolote la pesa. Wakulima walilipwa zile asubuhi mbili kwa kadi zao za karatasi. Mmoja wao, mama mzee mwenye ng'ombe mmoja, alikuwa ametunza kadi yake ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Aliniuliza kama sasa anaweza kuitupa. Nikamwambia asiitupe. Ndilo jibu la kweli zaidi nililotoa wiki hiyo.

Nimejiwekea sheria mbili tangu hapo. Kwanza, anayehesabu matukio ni yule aliyeachwa akisubiri, si mwenye gari wala mwenye programu. Mwenyewe abaki na kazi ya kutafuta sababu, kwa sababu sababu ndizo zinazotengeneza, lakini asitumie sababu kupunguza hesabu. Pili, kabla ya kujisifu kwamba kitu chako huharibika mara chache, jiulize kikiharibika mtu atakaa siku ngapi.

Na kaka? Bado analipenda gari lake, na bado anawapigia watu hadithi ya Arizona. Lakini alitazama zile siku 44 kwa muda mrefu. Sasa kwenye buti kuna kisanduku: mpira wa turbo wa akiba, klipu, koili ya plagi, lita ya oili na maji ya rejeta. Hasubiri taa iwake ndipo amwage oili, anaimwaga kila kilomita 5,000. Mkanda wa taimingi anauagiza mapema, kwa sababu kwenye injini hiyo ukikatika valvu hugonga pistoni, na hapo hata sokoni hutarudi. Siku ya kliniki bado mama anaita Probox. Kaka ameacha kubishana naye.

Haya, zamu yenu. Kitu gani chako "hakijawahi kuharibika", na je, mliwahi kumuuliza anayekitegemea? Niandikieni hapo chini. Wa Subaru mnakaribishwa pia, lakini njooni na daftari.