Gari la Marehemu Kaka: Kuliuza au Kubaki Nalo?



Leo sikuandikii juu ya mnyambuliko wa vitenzi. Nakuandikia juu ya gari lililoegeshwa chini ya mwembe, nyuma ya nyumba yetu hapa Rumonge, ambalo kwa muda wa miezi minne lilitutenganisha watu watatu tunaopendana: mama yangu mzazi, shemeji yangu na mimi. Nakuandikia wewe unayejifunza lugha hii kwa sababu ugomvi wetu uliendeshwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa sababu nadhani jambo lenyewe linamhusu kila mtu anayetumia barabara, hata yule anayekwenda kwa miguu.

Gari hilo ni Toyota Hilux ya mizigo yenye milango miwili. Kaka yangu, ambaye sasa ni marehemu, alilinunua Kigoma mwaka 2011. Sisi tulikuwa tumerejea Burundi miaka miwili kabla ya hapo, kutoka makazi ya Ulyankulu mkoani Tabora, walikokimbilia wazazi wetu mwaka 1972. Kiswahili hiki ninachokufundisha nilikipata huko. Kaka naye alikipata huko huko, ila yeye alikitumia zaidi katika kupatana bei.

Kununua gari Kigoma na kuliendesha Rumonge kuna mushkeli ambao ramani haiuonyeshi. Nchini Tanzania watu huendesha upande wa kushoto wa barabara, kama Kenya na Uganda. Burundi tunaendesha upande wa kulia, kama Rwanda na Kongo. Tuliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, lakini ukivuka mpaka wa Manyovu na Mugina bado huna budi kuhamia upande wa pili wa lami. Juu ya hayo, magari mengi tunayoyaagiza yametumika Japani, ambako pia huendeshwa kushoto, kwa hiyo usukani wake uko kulia. Simama siku moja kwenye kituo cha mabasi cha hapa mjini uangalie Hiace inaposhusha watu. Mlango wake uko upande wa kushoto, yaani upande wa katikati ya barabara, na mama mwenye mtoto mgongoni hushukia mahali malori yanapopita. Nimelitazama jambo hilo miaka mingi hata nikaacha kuliona.

Kaka hakuacha kuliona. Alimtafuta fundi akauhamishia usukani upande wa kushoto. Ukilisema hivyo, linaonekana jambo dogo. Kwa kweli dashibodi ilikatwa na kuungwa upya, sanduku la usukani likahamishwa upande wa pili wa chasisi na kushikiliwa na vipande vya chuma vilivyochomelewa kwa mkono, na pedali zikapelekwa upande wa pili. Wipa ziliachwa zikifuta kioo kwa faida ya dereva ambaye hakuwapo tena. Taa za mbele pia ziliachwa, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Taa za gari lililotengenezwa kwa ajili ya kuendeshwa kushoto, zikiinamishwa, hurusha mwanga wake zaidi upande wa kushoto, ili kumulika ukingo wa barabara. Kwetu, upande wa kushoto ndio anakotokea mwenzako. Kila usiku tulikuwa tukimmulika machoni yeyote tuliyekutana naye, naye akituwashia taa kali kwa hasira, nasi tukamlaani.

Hayo yalikuwa mabadiliko ya kwanza. Mengine yaliletwa na mawese. Hujaifahamu Rumonge kama hujayanusa mawese: michikichi imeujaza uwanda huu kuanzia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hadi chini ya milima, na wakati wa mavuno mashine za kukamulia hufanya kazi mchana kutwa. Pipa la lita 200 likijaa mafuta huwa na uzito wa karibu kilo 200, ukijumlisha na chuma chake. Hilux kama ile iliundwa kubeba takriban tani moja, yaani mapipa matano. Kaka alitaka sita, na juu yake bido za abiria, na abiria wenyewe. Kwa hiyo akaongeza vyuma katika springi za nyuma, zile zinazopangwa moja juu ya nyingine kama kurasa za kitabu. Halafu akarefusha bodi kwa nyuma, sentimita sitini nzima, na kuichomelea mabenchi na turubai. Injini ya petroli ilipochoka, akaweka ya dizeli, aina ya 3L yenye lita 2.8, iliyotolewa katika Hiace iliyogongwa. Swichi ya taa ilipoharibika, akaweka swichi ya ukutani, ile ya nyumbani, nyeupe. Kila aliyepanda aliicheka swichi hiyo. Kaka alicheka pia.

Lilikuwa gari zuri, nisiseme uongo. Lilimjengea nyumba, likasomesha watoto wake watatu na mimi nikapata ada ya mwaka wangu wa mwisho wa ualimu. Watu walilijua kwa mlio wake tangu Kizuka hadi Magara.

Lakini kumbuka pembea ya ubao, ile ya watoto wawili. Ekseli ya nyuma ndiyo kiegemeo chake. Uzito unaowekwa nyuma ya ekseli huinua pua ya gari, na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yenye kuelekeza, hubaki yakigusa barabara kwa wepesi tu. Mwaka 2017 nilikuwa mimi kwenye usukani, usiku, tukitoka Bujumbura kwa ile Barabara ya Taifa namba 3, ambayo kwa mwendo mrefu imebanwa kati ya mlima na ziwa. Karibu na Minago nilimwona mwendesha baiskeli aliyebeba mikungu ya ndizi. Nilizungusha usukani. Gari lilifikiri kwanza, kisha likatii. Muda huo wa kufikiri ulitosha: kona ya ile bodi ndefu ilimgonga, akaanguka, mkono ukavunjika.

Tulimpeleka hospitali, na kaka akalipa gharama zote pamoja na ndizi, ambazo ndizo mtu yule aliziulizia kwanza. Hatukwenda polisi. Nalikiri hapa kwa mara ya kwanza, mimi ninayewafundisha vijana wajibu wa raia. Hatukwenda kwa sababu hati ya gari, ambayo kwetu huitwa karte roze, ilitaja injini ya petroli na gari lililokuwa fupi kuliko letu. Bima ya kuwafidia wengine ni ya lazima nchini, na kaka aliilipa kila mwaka bila kuchelewa. Lakini ilikuwa bima ya gari lililoandikwa, na lililomgonga mtu lilikuwa jingine. Tuliogopa swali la kwanza ambalo polisi angetuuliza.

Kaka alifariki dunia mwaka 2023 kwa maradhi. Baada ya hapo gari lilikaa zaidi kuliko lilivyotembea, maana hiyo ndiyo miaka ambayo petroli na dizeli zilikuwa adimu nchini kote. Mwaka 2024 magari yalilala kwenye foleni za vituo vya mafuta, na madereva wakalala ndani yake. Shemeji alilikodisha kila dizeli ilipopatikana, na siku ilipokosekana watoto walikula ugali kwa ndagala bila mafuta, katika mji wa mafuta.

Ndipo akaja mfanyabiashara mmoja kutoka Nyanza-Lac. Alilizunguka gari mara mbili, akapiga teke gurudumu, akaniambia, «Mwalimu, gari yako ni nguvu sana.» Kwa desturi ningemsahihisha, kwamba gari huwa lako wala si yako, ila hapa Rumonge wengi wetu tunasema alivyosema yeye, na siku hiyo nilikuwa nimeshughulishwa na bei aliyoitaja. Ilikuwa bei nono.

Jioni tuliketi watatu. Mama alisema, «Mwanangu, mkono wa ndugu yako umo katika kila chuma cha gari lile. Ukiliuza, umeuza mkono wake.» Mimi nilisema tuliuze upesi kabla mnunuzi hajabadili nia. Shemeji alinyamaza, na sisi, kwa aibu yetu, hatukumwuliza.

Hapa sina budi kukueleza jambo la nchi yangu. Burundi haina sheria iliyoandikwa inayohusu urithi wa familia. Mswada umezungumzwa miaka na miaka, na mpaka leo mila ndiyo inayoamua. Kwa mila, mimi ndugu wa kiume ndiye niliyetazamiwa kusema neno la mwisho. Mama alinitazama mimi, na mnunuzi alizungumza na mimi, ilhali shemeji ndiye aliyehesabu bido alfajiri, akakaa kwenye foleni za dizeli na kuandika madeni katika daftari la shule. Nikatambua kwamba nilikuwa nikibishana na mama juu ya mali isiyokuwa yangu wala yake.

Nilikwenda kwake asubuhi nikamwambia, «Shemeji, gari ni lako na watoto. Nitasimama nyuma ya neno lako.»

Hakunishukuru. Alisema, «Kama ni langu, basi shemeji nitafutie fundi mwingine, asiyetujua. Alifungue alitazame.»

Nilidhani ni gharama ya bure. Yule fundi alilala chini ya gari kwa saa nzima, kisha akaniita na kunimulikia kwa tochi. Katika kipande kimojawapo kinachoshikilia sanduku la usukani, kando kabisa ya mshono wa kuchomelea, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, wenye kutu ndani yake. Kutu ndiyo iliyonitisha, maana ilionyesha kwamba ufa si wa jana. Nilijaribu kuhesabu ni mara ngapi nilikuwa nimepita na ufa ule juu ya ziwa, na watoto wa kaka wamekaa kwenye mabenchi nyuma. Sikumaliza hesabu.

Tungeweza kuchomelea upya, kupaka rangi nyeusi na kuchukua pesa za watu. Nitakuwa mwongo nikisema wazo hilo halikunipitia. Tena lilikuwa na hoja zake: mnunuzi ni mtu mzima, amelitazama mwenyewe, na gari la mitumba huuzwa lilivyo. Lakini mtu anayenunua gari ambalo halijaguguswa ananunua kitu ambacho fundi yeyote anakijua. Vipimo vyake vimo vitabuni. Gari kama letu lilijulikana na watu wawili tu, kaka na fundi wake wa kwanza, na kwa kiasi fulani mimi, niliyejua jinsi lilivyofikiri kabla ya kutii. Mnunuzi hakuwa na njia ya kulijua hilo isipokuwa tumwambie.

Alipokuja tena, shemeji ndiye aliyempokea. Alimletea kiti, akafungua lile daftari la madeni ukurasa wa nyuma, akamsomea moja baada ya jingine: taa zinazopofusha, bodi iliyozidi, springi, injini isiyolingana na karte roze, ajali ya Minago, ufa. Nilipofika kwenye neno Minago nikainamisha kichwa. Yule bwana alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akasema hatalichukua. Aliondoka. Mama akasema, «Mmefukuza riziki,» na kwa siku mbili hakusema nasi zaidi ya salamu.

Siku ya tatu mnunuzi alipiga simu, akamwomba shemeji mwenyewe. Alikuwa na Hilux nyingine kwake, nzima, iliyokufa injini. Je, angeweza kununua injini na sanduku la gia peke yake, na karatasi ya mauziano itamke hivyo hivyo? Walipatana kwa chini kidogo ya nusu ya ile bei ya kwanza.

Basi hatukuliuza wala hatukubaki nalo. Fundi alilifungua kwa siku nne chini ya mwembe. Magurudumu yalikwenda kwa mmoja, milango kwa mwingine. Chuma cha usukani chenye ufa shemeji aliagiza kikatwe vipande mbele ya macho yake, asije mtu akakiokota. Mimi nilishughulikia barua ya kueleza kwamba gari lile halitatembea tena barabarani, kazi iliyonifunza misamiati mingi ya Kifaransa na subira.

Kwa pesa zilizopatikana shemeji alinunua mawese wakati wa mavuno, bei ilipokuwa chini, akayahifadhi ndani ya mapipa yale yale sita. Anangoja bei ipande. Haijapanda kama alivyotumaini, nami sijui kama ataweza kulipa ada ya muhula ujao yote kwa mkupuo.

Mama aliiomba swichi nyeupe, akaiweka kabatini pamoja na miwani ya marehemu baba. Ile sentimita sitini ya bodi imebaki uani, imeegemezwa juu ya matofali. Shemeji huanikia ndagala juu yake, na kuku wamejifunza kulala chini.