Walioongoza Ireland, Walionyimwa Usajili Nairobi

Tangu Ireland ipige kura ya kuruhusu ndoa za watu wa jinsia moja tarehe 22 Mei 2015, sisi Waafrika Mashariki tunaoishi huku hatujaacha kuulizwa na ndugu wa nyumbani imekuwaje taifa la Wakatoliki likafika hapo. Wana haki ya kuuliza. Katika sensa ya 2011, asilimia 84 ya wakazi walijitaja kuwa Wakatoliki. Hadi mwaka 1993 mapenzi ya wanaume wawili yalikuwa kosa la jinai, na talaka yenyewe iliruhusiwa mwaka 1995 kwa tofauti ndogo mno ya kura. Miaka 20 baadaye, asilimia 62 ya waliopiga kura walisema ndiyo. Wapo wanaoeleza badiliko hilo kwa utajiri, wapo wanaotaja kashfa zilizolitikisa Kanisa, na maelezo yote mawili yana ukweli wake. Lakini yanaruka kiungo ambacho mimi nakiona kikubwa kuliko vyote: palikuwa na watu waliosimama mbele kwa majina yao, sheria ikawaruhusu kusimama, na kwa kuwa walikuwa hadharani waliweza kuhojiwa, kupingwa na kukaguliwa. Nyumbani tunawadai watu kama hao uwazi uleule huku tukiwanyima usajili ambao ndio unaowezesha uwazi huo.

Mfano ni Katherine Zappone na Ann Louise Gilligan, wanawake wawili waliokutana Boston wakisomea theolojia. Gilligan aliwahi kuwa mtawa. Walihamia Ireland na mwaka 1986 wakaanzisha kituo cha elimu kwa wanawake wa Tallaght, eneo la watu wa kipato cha chini pembezoni mwa Dublin. Mwaka 2003 walifunga ndoa Canada, kisha wakaitaka mamlaka ya mapato ya Ireland iwatambue kuwa wanandoa katika kodi. Walipokataliwa walikwenda Mahakama Kuu, na Desemba 2006 wakashindwa. Hata hivyo walishindwa mbele ya umma, kwa hukumu iliyoandikwa, yenye hoja ambazo raia yeyote angeweza kuzisoma na kuzibishia. Kundi lililokuwa likisaidia kesi yao likageuka kuwa shirika la Marriage Equality mwaka 2008, Gráinne Healy akiwa mwenyekiti na Moninne Griffith mkurugenzi. Aliyekerwa na shirika hilo alijua wa kumlalamikia ni nani.

Wala wanaharakati hawakuwa wamoja tangu mwanzo. GLEN, shirika la kutetea mashoga na wasagaji lililokuwapo tangu 1988, liliona heri kuanza na ubia wa kiraia, ambao Bunge liliupitisha mwaka 2010. Marriage Equality walitaka ndoa yenyewe, wakihofu kwamba nusu ya haki ingefanywa ndiyo kikomo. Wapinzani hao wa jana ndio waliokuja kuungana na Baraza la Uhuru wa Kiraia la Ireland mwaka 2015 katika kampeni ya Yes Equality, iliyoongozwa kwa pamoja na Healy na Brian Sheehan wa GLEN. Waligawa beji za kumkaribisha mtu aulize kwa nini mvaaji anapiga kura ya ndiyo, wakazunguka nchi kwa basi, na wapenzi wenyewe wakapiga hodi nyumba kwa nyumba. Binafsi inaniuma kwamba haki ya watu wachache ilibidi ipigiwe kura na wengi. Kumwomba mtu usiyemjua, mlangoni kwake, akukubalie kufunga ndoa ni mzigo mzito. Waliubeba. Na ushindi haukuwapa kinga: mwaka 2017 maswali yalipozuka kuhusu hesabu za GLEN, mdhibiti wa mashirika ya hisani aliteua wakaguzi, na shirika likafungwa mwaka huohuo. Shirika ambalo daftari la serikali halilitambui haliwezi kukaguliwa namna hiyo.

Sasa tuje Kenya. Wakili Eric Gitari aliwasilisha kwa Bodi ya Kuratibu Mashirika Yasiyo ya Kiserikali majina kadhaa ya shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji. Bodi ikayakataa, ikitegemea vifungu vya Kanuni ya Adhabu vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja. Alifungua kesi mwaka 2013. Mahakama Kuu ikampa ushindi tarehe 24 Aprili 2015, chini ya mwezi mmoja kabla Ireland haijapiga kura. Bodi ikakata rufaa na kushindwa mwaka 2019, ikapanda Mahakama ya Juu na kushindwa tena tarehe 24 Februari 2023, majaji watatu dhidi ya wawili. Septemba mwaka huo mahakama ikatupa ombi la mbunge George Kaluma la kutaka hukumu ipitiwe upya. Zappone na Gilligan waliingia mahakamani mwaka 2004, na miaka 11 baadaye taifa zima likapiga kura kuhusu ndoa. Gitari na wenzake walitumia muongo mzima kupata ruhusa ya kuandikisha shirika, basi. Uganda ni pagumu zaidi: Sexual Minorities Uganda, shirika linaloongozwa na Frank Mugisha, lilinyimwa usajili, kisha Agosti 2022 likasimamishwa kwa sababu halijasajiliwa. Mwaka uliofuata, sheria ikaufanya utetezi wenyewe kuwa kosa la kifungo.

Wapo watakaosema kwamba Afrika Mashariki haina desturi ya raia wa kawaida kuipeleka sheria ya ndoa mahakamani. Rebeca Gyumi wa shirika la Msichana Initiative alifanya hivyo Tanzania. Alipinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyomruhusu msichana kuolewa na miaka 15 huku mvulana akisubiri 18. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikamwunga mkono mwaka 2019. Suala lake ni tofauti na la Gitari, na Watanzania wengi wanaomshangilia wasingemshangilia Gitari. Ila mwenendo ni ule wa Dublin: mlalamikaji mwenye jina, shirika lenye usajili, serikali ikijibu kwa hoja mbele ya majaji. Tunao uwezo huo. Tunachagua nani auonje.

Hoja ya fedha za nje naiheshimu, maana ni halali kujua nani analipa mishahara. Ireland nako ilizuka: mfuko wa Atlantic Philanthropies wa tajiri wa Kimarekani Chuck Feeney ulikuwa umeyafadhili mashirika haya kwa miaka, na wapinzani hawakunyamaza. Waliweza kulitaja jambo hilo kwa sababu mashirika yalikuwa na vitabu vya hesabu na kulikuwa na sheria ya uchaguzi inayokataza michango ya kisiasa kutoka nje. Anayetaka kujua fedha za mashirika ya Nairobi zinatoka wapi angepaswa kuwa wa kwanza kudai yasajiliwe, kwa kuwa shirika lililosajiliwa hutakiwa kuwasilisha hesabu zake.

Inabaki hofu kwamba usajili ni ngazi ya kufikia ndoa. Kesi ya Gitari ilihusu ibara ya 36 ya Katiba, uhuru wa kujumuika. Ibara ya 45 inazungumzia ndoa ya watu wa jinsia tofauti, nayo haikuguswa. Vifungu vya jinai navyo vilibaki. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019. Ibara ya 45 imo ndani ya sura ya Katiba iitwayo Sheria ya Haki, na ibara ya 255 inataka sura hiyo isibadilishwe ila kwa kura ya maoni. Mzee wa kanisa au shehe anayepinga ndoa hizo ana kura yake ileile, na mimbari yake haijaguswa, kama ilivyokuwa kwa karibu asilimia 38 ya wapiga kura wa Ireland waliosema hapana. Kilichotolewa Februari 2023 ni nafasi ya upande wa pili kusikika ukiwa na ofisi, anwani na kiongozi anayejulikana.