Ukianguka Solo, Nani Atakuinua?

Sisi tuko Omugo, huku Rhino Camp. Leo hatuandiki juu ya maji wala karo ya shule. Tunaandika juu ya gemu. Tunajua wakubwa wengine watasema, hawa vijana hawana kazi. Sawa, lakini ngojeni kidogo, someni mpaka mwisho.

Pale tunapochajia simu kwa sola kuna ubishi ambao hauishi: kipi bora, kucheza solo au kucheza skwadi? Kila mtu ana upande wake. Tumebishana mpaka tukaona kwamba hatubishani tena juu ya simu. Tunabishana juu ya namna ya kuishi hapa.

Wengi wetu tunacheza Free Fire, maana inakubali hata simu ndogo. Kwa wasioijua: watu 50 wanarushwa kisiwani kwa parashuti, kila mmoja anatafuta silaha, eneo la usalama linazidi kuwa dogo, na anayebaki wa mwisho ndiye mshindi. Kabla hujaingia unachagua: solo, wawili, au skwadi ya watu wanne. Asiyecheza atafikiri tofauti ni hesabu tu. Hapana. Ukiwa solo, damu yako ikiisha umekufa, unarudi mwanzo. Ukiwa kwenye skwadi, unaanguka magoti kwanza. Unatambaa, damu inapungua polepole, na mwenzako ana nafasi ya kukimbia mpaka ulipo, kuinama na kukuinua. Risasi ni ile ile. Kinachobadilika ni kama kuna mtu karibu.

Sasa tuwatendee haki watu wa solo, maana na wao wana hoja.

Kwanza, MB. Hapa Uganda tangu Julai 2018 tulikuwa tunalipa shilingi 200 kwa siku ili kufungua mitandao ya kijamii. Julai 2021 ushuru huo ukaondolewa, ukaja mwingine wa asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Kijana aliyenunua MB za shilingi 500 hana uhakika kama zitamfikisha mwisho wa mechi. Zikikatika akiwa solo, hasara ni yake peke yake. Zikikatika akiwa kwenye skwadi, wenzake watatu wanabaki na pengo, na kesho watamchekea ama watamtukana.

Pili, wageni. Ukiingia bila marafiki, gemu inakupangia watu usiowajua. Wengine wakisikia sauti yako kwenye maiki wanaanza: wewe ni wa wapi, mbona unaongea hivyo? Sisi tumekimbia vita ambavyo vilianza na swali kama hilo. Si ajabu mtu akizima maiki na kucheza kimya.

Tatu, utulivu. Maisha ya hapa ni foleni na majina kusomwa. Foleni ya maji, foleni ya rasheni, foleni ya alama za vidole. Kwa dakika kumi na tano za solo hakuna anayekuita kwa megafoni. Mwenzetu mmoja wa kike alituambia kitu ambacho hatukuwa tumefikiria: yeye hucheza solo kwa sababu hajui ni saa ngapi ataitwa kuchota maji au kupika. Hawezi kuahidi watu saa mbili usiku. Kwa hiyo tukisema skwadi ni bora, tujiulize pia nani ana ruhusa ya kuwa kwenye skwadi.

Ubishi huu haukuanzia Omugo. Kuna gemu za kompyuta ambazo mchezaji anaishi ndani ya mhusika wake kwa miezi na miaka, akipanda leveli. EverQuest ilipotoka 1999, mtu peke yake alihangaika sana. Ilibidi kuungana: mmoja anakaa mbele kupokea mapigo, mmoja anaponya, wengine wanapiga. Mwaka 2004 ikaja World of Warcraft, ikaruhusu mtu apande leveli mwenyewe mpaka juu, ingawa mapambano makubwa zaidi ya wakati ule yalitaka watu 40 kwa pamoja. Mamilioni wakaingia. Mwaka 2006 watafiti wa huko Marekani walioichunguza gemu hiyo walieleza kwamba wachezaji wengi walikuwa wanacheza peke yao huku wamezungukwa na watu. Wanapenda kuona wengine wakipita, wanapenda kuonekana, lakini hawaungani nao.

Tulipojadili jambo hilo tulicheka, halafu tukanyamaza. Kumbe hayo ndiyo maisha ya makazi yetu. Omugo ilifunguliwa Agosti 2017 kupokea watu kutoka Sudan Kusini. Nyumba zimepangwa karibu karibu, usiku unasikia jirani akikohoa. Na bado mtu anaweza kukaa miaka bila mtu.

Hapa kuna vijana wenye kadi ya mtu mmoja. Yaani kwenye karatasi, familia yako ni wewe. Chakula cha mtu mmoja, sufuria moja, jerikeni moja. Wenye familia ya watu saba wanagawana kazi: huyu maji, huyu kuni, huyu anapanga foleni. Wewe wa mtu mmoja unafanya yote. Halafu Julai 2023 WFP ilianza kugawa msaada kwa makundi kulingana na hali ya kila nyumba, na kundi la tatu likaondolewa kwenye orodha kabisa. Kijana mzima mwenye mikono miwili, utamwambia nini mpangaji wa makundi? Ukiwa na kadi ya mtu mmoja unacheza solo, hata kama hukuchagua.

Mwenzetu mmoja yuko hivyo. Alifika bila wazazi, akakulia hapa. Mtu wa solo kabisa, hodari, haongei sana. Sisi tulikuwa watatu tu, tukamuomba awe wa nne kila siku saa mbili usiku. Alikubali, si kwa kutupenda, ila kwa sababu tulikuwa tunafungwa kila siku na alituonea huruma.

Usiku mmoja hakuingia. Tukasema MB. Usiku wa pili hakuingia. Wa kwetu mmoja akasema, huyu hata akikosa MB huwa anakuja kwenye chaji kutuambia. Asubuhi wawili wakaenda kwake. Jirani alisema labda ameenda Arua kutafuta kibarua. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Walimkuta amelala chini, malaria, jerikeni kavu, hajala. Wakampakia kwenye boda, mmoja mbele na mmoja nyuma kumshika. Alilazwa siku nne. Leo ni mzima na bado anasema solo ni bora.

Hatusimulii hili ili kujisifu, na jirani hana kosa, kila mtu ana shida zake. Tunasimulia kwa sababu ya kitu kimoja. Jina la huyu ndugu liko kwenye orodha za watu wengi: ya rasheni, ya plot, ya mafunzo. Orodha zote zilijua kwamba yupo. Waliojua kwamba hayupo ni watu watatu waliokuwa wanamhitaji saa mbili usiku.

Huko Norway kulikuwa na kijana anaitwa Mats Steen. Alikuwa na ugonjwa unaodhoofisha misuli, akawa anatumia kiti cha magurudumu, na saa nyingi alikuwa kwenye World of Warcraft. Wazazi wake walihuzunika wakidhani mtoto wao hana marafiki. Alipofariki 2014, akiwa na miaka 25, walitoa taarifa mtandaoni, na salamu zikaanza kumiminika kutoka kwa watu wasiowajua. Walikuwa wenzake wa kikundi kimoja ndani ya gemu, kilichoitwa Starlight. Wengine walisafiri kutoka nchi nyingine kuja kumzika. Filamu juu yake ilitoka 2024. Wazazi walikuwa nyumba moja naye, lakini kikundi ndicho kilichojua upande wake mwingine.

Sasa, ninyi mnaofanya kazi na mashirika, tafadhali msituelewe vibaya. Hatusemi kila kikundi ni kizuri. Tumeshaona vikundi vya kuandikwa. Mtu anakuja, anasema tunataka vijana 30, nusu wasichana, leteni namba za kadi. Majina yanajazwa jioni ile ile. Picha inapigwa, fulana zinagawiwa, na baada ya miezi mitatu hakuna anayejua mweka hazina yuko wapi. Kwenye gemu hiyo tunaiita kupangiwa watu: mko wanne kwenye skrini, lakini kila mmoja anakimbilia upande wake.

Angalieni vikundi vya kuweka na kukopa, vile vya sanduku lenye kufuli tatu. Mtindo huo ulianzia Niger 1991, kwa wanawake wa vijijini wakisaidiwa na CARE. Vinadumu kwa nini? Kwa sababu wanachama wanachaguana wenyewe, na kila mmoja ana kazi: huyu anashika sanduku, wale watatu wanashika funguo, huyu anahesabu. Asipokuja mwenye ufunguo mmoja, sanduku halifunguki. Lazima mumtafute.

Na solo pia ina mahali pake. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambini hapa kaskazini mwa Uganda, alijifunza kompyuta mwenyewe akatengeneza gemu ya amani inayoitwa Salaam. Mwaka 2018 aliheshimiwa kwenye tuzo za The Game Awards kule Marekani. Usiku wa kujifunza ulikuwa wake peke yake, hakuna aliyemsaidia kubonyeza. Lakini kompyuta ile mama yake aliiwekea akiba miaka mitatu, mpaka zikafika dola 300. Hata solo yake ilikuwa na mtu nyuma.

Basi sisi tumefikia hapa. Mtu akitaka kucheza peke yake, aachwe, si ugonjwa. Lakini kila mtu awe na wanne wake. Tumeanza na vijana wenye kadi ya mtu mmoja kwenye bloku zetu: wanajipanga wanne wanne, wanachaguana wenyewe, sisi hatuwapangii. Wengine wanapika sufuria moja mara tatu kwa wiki, na kuni zinabaki. Wengine hawana simu kabisa, wanakutana mpirani. Wasichana wamechagua saa kumi jioni kwenye bomba, kwa sababu pale wako tayari. Sheria ni moja tu: mwenzenu asipoonekana siku mbili bila kuaga, mnakwenda mlangoni kwake. Hamtumi meseji. Mnakwenda kwa miguu.

Haina bajeti, haina fulana. Wewe unayesoma ukiwa Bidibidi, Imvepi, Lobule, Kakuma au Nyarugusu, jaribu kuhesabu: kesho usipoonekana, nani atajua kabla ya jua kuzama? Ukipata majina matatu, uko vizuri. Ukikosa, usione aibu, wapo wengi hivyo. Tafuta mmoja ambaye na yeye hana, muanze wawili.