Risiva Ichaguliwe kwa Sikio

Askari aliyeishi miaka mingi karibu na mizinga aghalabu hustaafu na hasara ambayo kiinua mgongo hakiwezi kuilipa, nayo ni masikio yake. Baba yangu ni mmoja wao. Mlio wa ngoma huusikia barabara, lakini maneno ya televisheni humjia nusunusu. Sauti nyembamba, kama zile za herufi s, f na t, ndizo zitanguliazo kupotea. Basi kwake "fika", "shika" na "pika" huwa neno moja. Watoto walipocheka, yeye alizitazama nyuso zao kwanza, kisha akacheka.

Kwa hiyo, tulipoweka akiba ya kununua risiva, mama watoto nami tulipatana kwamba haja yetu ilikuwa maneno, si kelele.

Dukani tulionyeshwa kwanza chombo chenye taa za rangi, kilichoandikwa wati 1,000. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tarakimu kubwa za namna hiyo mara nyingi ni za nguvu ya kufumba na kufumbua tu. Yafaa kutazama nguvu ya kudumu kwa kila spika. Huko Marekani majigambo haya yalizidi hata tume ya serikali ikatunga kanuni mwaka 1974 kuhusu namna ya kutangaza nguvu za vyombo hivi. Tena, kutoka wati 50 hadi 100 huongeza desibeli 3 tu, tofauti iliyo ndogo sikioni. Kwa sebule ya nyumba za kambini, wati 50 za kweli zatosha na kubaki.

Tulichagua risiva iliyokwisha kutumika, ya mtindo wa 5.1, yaani ya spika tano na moja ya besi. Katika filamu za mtindo huo, mazungumzo mengi hupitia spika ya kati, na risiva nyingi huruhusu spika hiyo ipandishwe sauti peke yake. Tulianza na spika tatu za mbele tu. Ya besi tuliiacha, kwa kuwa mngurumo hufunika maneno, hupenya ukuta wa jirani, na hula fedha. Baba hakurudishiwa masikio yake, wala chombo hakishiki nafasi ya daktari. Lakini siku hizi hutubishia juu ya taarifa ya habari, nasi twafurahi kubishiwa.

Anayenunua kwa mshahara mdogo na akague pia mambo haya. Umeme wa hapa Uganda ni volti 240; chombo cha soko la Japani hutaka volti 100, na cha Marekani 120. Ukikichomeka bila transfoma, umekiunguza. Omu za spika zisipungue zile zilizoandikwa nyuma ya risiva, isije ikapata moto kupita kiasi. Tundu la HDMI lenye maandishi ARC, likiwapo pia kwenye televisheni, huleta sauti kwa waya mmoja.

Mwisho, kabla ya kulipa, chombo kiwashwe, na mwenye sikio zito aketishwe mbele yake. Usimwulize kama sauti ni kubwa. Mwulize kimesemwa nini.