Saa ya Mapumziko katika Ratiba ya Mwalimu

Vyuoni tunamfundisha mwalimu mwanafunzi kuandika azimio la kazi na andalio la somo, na kutengeneza zana kwa vitu vinavyopatikana katika mazingira yake. Ni mara chache tunamfundisha kuipanga siku yake mwenyewe. Twadhani hilo ni jambo lake la nyumbani, lisilohusu mbinu za kufundisha. Mimi naona linazihusu sana, na ushahidi wangu nimeupata Ipole, kusini mwa Sikonge mkoani Tabora, nilikokwenda kuwakagua walimu wanafunzi waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha.

Ipole ni nchi ya miombo, ya asali na tumbaku. Mwalimu mgeni hukuta darasa lililojaa, na wakati wa kiangazi maji ni ya kungojewa kisimani. Mmoja wao nilimtazama akifundisha Hisabati katika Darasa la Tatu. Andalio lake lilikuwa safi, na vijiti vya kuhesabia vilitosha kila dawati. Lakini mtoto mmoja alipomwomba arudie kutoa kwa kukopa, alimjibu kwa ukali, na mkono ukaenda kwenye fimbo iliyoegemezwa ukutani. Hakupiga, yamkini kwa kuwa nilikuwapo.

Baada ya kipindi sikumwuliza habari ya madhumuni ya somo. Nilimwuliza analala saa ngapi.

“Saa 6 za usiku, Mwalimu. Nasahihisha madaftari.”

“Mangapi?”

“Sabini na mawili ya Hisabati, na mengine kama hayo ya Kiswahili. Saa 11 alfajiri naamka kwenda kisimani.”

“Na kula?”

“Nikipata nafasi.”

Katika maneno hayo mawili ndimo ulimo ugonjwa wote. Nafasi isiyopangwa haipatikani, kwa sababu kazi ya ualimu haina mwisho wake yenyewe. Daftari moja likiisha lipo jingine. Na mwalimu aliyechoka hafundishi vibaya kwa kukosa maarifa. Hukosa subira, na mtoto ndiye anayelipa deni hilo. Kanuni za mwaka 2002 zinamruhusu mwalimu mkuu, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, kutoa viboko visivyozidi 4. Mwalimu mwanafunzi anayeshika fimbo kwa sababu ya usingizi hana hata idhini hiyo.

Wenyeji wa nchi hii waliijua siri ya kupanga pumziko zamani za misafara. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, kati ya Tabora na pwani. Mwaka 1871, Mirambo alipokuwa ameifunga njia ya Ujiji, msafara wa Stanley ulizunguka kusini kwa kupitia Ugunda, katika misitu ya upande huu huu. Basi watu hao hawakutembea mchana kutwa. Waliondoka alfajiri, na aghalabu kabla ya adhuhuri mizigo ilikuwa chini, watu wanapika na kuimba. Baada ya siku kadhaa za mwendo walidai siku ya kukaa. Wasafiri wa Kizungu walinung’unika wakauita uvivu. Lakini ni wapagazi hao waliofika, msimu baada ya msimu, na kambi ilikuwa sehemu ya safari kama ilivyokuwa njia yenyewe.

Nilikaa na yule mwalimu tukaiandika upya siku yake kwenye karatasi moja. Majibu ya Hisabati, wanafunzi wabadilishane madaftari na kusahihisha kwa kutazama ubao, naye apite kati ya madawati akitia sahihi na kuwatazama waliokwama. Insha za Kiswahili asahihishe safu moja kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Hakuna daftari linalovuka mlango wa nyumba yake. Maji ateke jioni pamoja na majirani. Tukaandika pia, kwa wino ule ule, saa 10 hadi saa 11 jioni: hakuna kazi.

Aliniuliza afanye nini saa hiyo. Nilimwambia aanze kwa kuitikia salamu. Katika nchi hii “mwangaluka” ya asubuhi haiitikiwi mtu akikimbia. Huulizwa habari za nyumba, za shamba na za safari. Mgeni anayepita upesi huhesabiwa kuwa na kiburi, kisha hukaa peke yake, na upweke huchosha kuliko madaftari.

Mwalimu mmoja mzee aliyetusikia alisema kwamba ualimu ni kujitolea, na kwamba vijana wa sasa wanapenda raha. Ninamheshimu, lakini sikukubaliana naye. Hata mpagazi hakuanza safari bila posho yake ya kibaba.

Wiki 3 baadaye nilirudi. Madaftari mengine yalikuwa bado yanachelewa, na safu ya Ijumaa aliiruka mara moja. Hilo tulilizungumza. Darasani, mtoto aliomba arudie. Akarudia mara mbili, ya pili kwa vijiti. Fimbo sikuiona.

Ninyi mtakaokwenda muhula ujao, andikeni saa hiyo kabla ya kuondoka chuoni. Nikija kukagua nitaomba kuiona karatasi hiyo kwanza, kisha andalio la somo.