Inasomeka, Haiandikiki

Umeme ulikatika Handeni wakati alama za mazoezi ya kufundisha zikiingizwa kwenye kompyuta ya chuo kimoja. Uliporudi, skrini ilibaki nyeusi. Mahali pa kuandika jina na neno la siri hapakutokea. Ndani yake mlikuwa na kazi ya wanachuo waliotawanyika katika shule za Handeni na Korogwe.

Wapo waliotaka diski ifutwe siku ile ile. Shauri baya! Fundi aliyetoka Korogwe, kijana mpole, alibonyeza Ctrl, Alt na F3, akapata ukurasa wa maandishi matupu, akaingia. "Mzee, vitu vyote vipo," akaniambia. "Diski inasomeka, haiandikiki."

Linux, mfumo alioanzisha Linus Torvalds kule Finland mwaka 1991, ukikuta kasoro katika mpangilio wa diski huweza kuzuia maandishi mapya, kasoro isije ikaenea. Lakini ukurasa wa picha wa kuwapokea watumiaji lazima kwanza uandike vijifaili vyake vya muda. Ukinyimwa pa kuviandika, hauji. Ni kama karani wa mapokezi aliyenyang'anywa kalamu: ofisi nzima ipo, wageni wako nje.

Kijana alinakili kwanza alama kwenye flashi. Kisha akaiwasha mashine kwa flashi nyingine, akairekebisha diski kwa programu iitwayo fsck. Jioni ukurasa ukafunguka. Zilikosekana alama za saa ile ya giza tu, nazo tuliziandika upya kutoka madaftari ya wasimamizi.