Kichwa chepesi, mkono mzito

Nikiwa darasa la tatu nilikuwa na sifa mbili zisizopatana. Nyumbani Namanyere, msimu wa mavuno, wazee waliniita niwapigie hesabu. Gunia 14 na debe nne za mahindi, kila gunia debe sita: nawajibu debe 88 kabla mnunuzi hajatoa kalamu. Shuleni nilishika mkia. Herufi b na d zilinichanganya, imla ilinitoa jasho, na nikipewa hesabu hamsini za kuzidisha, nikifika ya sita akili imeshahama darasani. Waliniita mvivu.

Aliyenibadilisha ni mwalimu wa kike aliyehamia kwetu nilipoingia darasa la nne. Hakunisamehe mazoezi, wala hakuniongezea viboko. Alinipa hesabu tano tu, ngumu ikitangulia. Nikipata zote, njia ikiwa imeandikwa, kazi imekwisha. Nikikosa, tunatafuta pamoja hatua niliyoiruka. Kwenye mwandiko alikuwa mkali: mistari mitatu kila asubuhi, si zaidi, ila bila kukosa.

Nilidhani ananionea, hadi babu aliponikabidhi daftari la mauzo. Niliandika debe 17, saba yangu ikasomeka moja, mnunuzi akalipa debe 11. Babu akaniambia, "Mjukuu wangu, hesabu iliyo kichwani mwako mimi nitamwonyesha nani?"

Tangu hapo mistari mitatu ikawa na maana. Mtoto anayehangaika na umbo la herufi hana nafasi ya kufikiria sentensi. Mkono ukishazoea, akili inabaki na kazi yake. Nilipofika darasa la saba nilikuwa naandika insha na kuisoma mwenyewe mbele ya wenzangu.

Leo nafundisha shule ya msingi hapa hapa wilayani Nkasi. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza 2015 uliipa uzito KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, nami niliuunga mkono kwa moyo wote. Ila KKK ni msingi wa elimu, si kipimo cha akili. Nina mwanafunzi ambaye hawezi kuandika "Tanganyika" bila kuruka herufi. Juzi aliniuliza: "Mwalimu, Ziwa Rukwa maji yanaingia ila hayana pa kutokea, ndiyo maana yana magadi, na ya Tanganyika hayana?" Amepatia. Tanganyika humwaga maji yake Kongo kwa mto Lukuga; Rukwa haina mlango, jua hukausha maji na chumvi hubaki.

Swali lile nilimpa aliandike, sentensi moja kila asubuhi, mpaka liwe ukurasa mzima. Sasa analeta daftari kabla sijamwita.

Mzazi mwenzangu, mwalimu mwenzangu, mtoto wa namna hii usimwondolee mazoezi, wala usimzike kwenye mazoezi. Mpe machache, ya kila siku, yenye kazi anayoiona kwa macho yake. Na unapomsahihisha herufi, mjibu na swali lake.